Mbegu Safi kwa Kompyuta: Namna ya Kutunza Vyanzo vya Programu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka huu sikuandika shairi wala hadithi. Nitaeleza jambo ambalo wengi wetu tunaishi nalo katika chumba cha kompyuta bila kulijua jina: vyanzo vya programu, na jinsi ya kuvitunza visichakae. Usitishike, mpenzi msomaji. Kama umewahi kutumwa kununua mbegu za mahindi hapa Kitale, nusu ya makala haya unaielewa tayari.

Mbegu na programu

Mji wetu wa Kitale unajulikana kwa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzia hapa mwaka wa 1956, na mwaka wa 1964 mbegu chotara ya H611 ilitolewa kutokana na utafiti uliofanywa hapa hapa. Tangu hapo mkulima wa Trans Nzoia amezoea kununua mbegu mpya kila msimu badala ya kupanda punje alizobakisha mwaka jana. Mkulima mwerevu haingii dukani akabeba tu mfuko. Hujiuliza mambo matatu. Je, duka hili linaaminika? Je, mfuko una lebo ya wakaguzi wa KEPHIS? Je, mbegu hii ni ya msimu huu au imelala stoo? Siku hizi mfuko huwa na kibandiko cha kukwangua, chenye nambari ya siri ambayo mkulima huituma kwa ujumbe mfupi ili ahakikishe kwamba mbegu si bandia. Anayepuuza maswali hayo hulia wakati wa mavuno.

Kompyuta nazo hula mbegu. Programu zinazoendesha mashine hurekebishwa kila wiki: kosa limeonekana, tundu limezibwa, kitu kipya kimeongezwa. Mashine inapata wapi marekebisho hayo? Huyapata katika ghala lililo kwenye intaneti, na anwani ya ghala hilo imeandikwa ndani ya kompyuta yenyewe. Anwani hiyo ndiyo chanzo. Chanzo kikiharibika, mashine hubaki ikipanda punje kuukuu mwaka nenda mwaka rudi.

Ukoo wa Unix

Nitazungumzia mashine za ukoo wa Unix. Unix yenyewe ilianzishwa mwaka wa 1969 katika maabara za Bell kule Marekani, na waanzilishi wakuu walikuwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo unaofanana nao, ndio Linux. Mwaka wa 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, yaani mkusanyo wa kiini hicho pamoja na programu nyingine, unaotunzwa na watu wa kujitolea kutoka pembe zote za dunia. Mwaka wa 2004 Ubuntu ikazaliwa juu ya msingi wa Debian. Vijana wa zamani wanaikumbuka Ubuntu kwa sababu kuanzia 2005 hadi 2011 mtu yeyote aliweza kuandikisha anwani yake ya posta na kuletewa diski bila kulipa hata ndururu.

Mifumo hii hupendwa na shule na vibanda vya saiba kwa kuwa ni ya bure. Lakini kitu cha bure hakijitunzi chenyewe.

Mstari mmoja, sehemu nne

Katika Debian, vyanzo huandikwa ndani ya faili iitwayo /etc/apt/sources.list. Matoleo mapya hupendelea kuviweka katika faili ndogo ndogo ndani ya kabati liitwalo /etc/apt/sources.list.d, lakini maana haibadiliki. Mstari wa kawaida huwa hivi:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main

Tuuchambue kama tunavyochambua sentensi katika somo la sarufi. Neno la kwanza, deb, linasema tunataka vifurushi vilivyokwisha kutayarishwa. Kingeandikwa deb-src, tungekuwa tunaomba maandishi asilia ya waandishi wa programu. Sehemu ya pili ni anwani ya ghala. Ya tatu, bookworm, ni jina la toleo. Ya nne, main, ni rafu ndani ya ghala. Main ni rafu ya programu huru. Zipo rafu nyingine, na tangu toleo la bookworm kuna iitwayo non-free-firmware, yenye vijiprogramu vinavyoamsha vifaa kama kadi za Wi-Fi. Wengi husahau kuiongeza rafu hiyo wanapohama kutoka toleo la zamani, halafu vijiprogramu vya Wi-Fi vinabaki vya kale.

Ghala la toleo hilo si dogo. Lilipotoka Juni 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Ndiyo maana mashine haibebi ghala zima, bali huchukua orodha tu.

Kusoma orodha si kununua

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukanganyikiwa. Kuna amri mbili:

apt update
apt upgrade

Ya kwanza haisakinishi chochote. Inaenda ghalani na kuleta orodha mpya ya bidhaa, kama mtu anayepita dukani kusoma bei ukutani kisha akarudi nyumbani. Ya pili ndiyo inayolinganisha orodha hiyo na vilivyomo ndani ya mashine, kisha ikaleta vilivyo vipya. Ukipiga amri ya pili bila ya kwanza, mashine itatumia orodha ya kale na kukuambia kwamba hakuna jipya. Itakuwa haisemi uongo, maana haijui.

Sahihi, na ile saa ya ukutani

Swali la pili la mkulima lilikuwa lebo. Je, nitajuaje kwamba kifurushi hiki kimetoka kwa Debian na hakikuchezewa njiani? Ghalani kuna faili moja kuu yenye sahihi ya kidijitali. Faili hiyo imebeba alama za utambulisho za orodha zote, na kila orodha imebeba alama za kila kifurushi. Alama hizi ni hesabu zinazotokana na yaliyomo ndani: ukibadilisha herufi moja tu, alama haifanani tena. Kwa hiyo sahihi moja inalinda mlolongo mzima, kama kitasa kimoja kwenye mnyororo mrefu. Debian imekuwa ikikagua sahihi hizi kuanzia toleo la 4.0 la mwaka wa 2007. Kwa sababu hiyo unaweza kuchukua vifurushi kutoka ghala lolote la nakala bila hofu kubwa, mradi sahihi ikubali. Mashine ikikuonya kwamba sahihi haijulikani, usilazimishe. Huo ni mfuko usio na lebo.

Lipo jambo dogo linalosumbua mashine kuukuu. Betri ya saa ndani ya kompyuta ikifa, mashine huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Ikienda ghalani, husoma tarehe ya orodha na kusema kwamba orodha hiyo bado haijaanza kuwa halali! Mtu hushinda siku nzima akilaumu mtandao, kumbe dawa ni kurekebisha saa na kununua betri ndogo ya mviringo.

Yaliyotokea Bungoma

Sasa niwape mfano wenye uzito. Mjomba wangu ana kibanda cha saiba Bungoma mjini, chenye kompyuta tatu za Debian. Hapo watu huja kuchapisha barua, kuomba mkopo wa HELB, kuchagua vyuo kupitia KUCCPS, na kutafuta stakabadhi za KRA na eCitizen. Karo ya binamu zangu wawili inatoka kwenye zile mashine tatu.

Mwishoni mwa 2024 tovuti moja baada ya nyingine zilianza kukataa kufunguka. Wateja wakawa wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Fundi mmoja aliitwa, akatazama, akatoa hukumu: mashine zimezeeka, ziuzwe kwa bei ya chuma chakavu, zinunuliwe nyingine. Nilipofika huko likizo ya Desemba, mjomba alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo.

"Mpwa wangu," akaniambia, "hebu niambie wewe unayesomea mambo haya. Niuze au nisiuze?"

"Mjomba, shikilia kwanza. Tuangalie faili moja tu," nikamjibu.

Tulifungua sources.list. Mstari wa kwanza ulielekeza kwenye ghala la nakala ambalo lilikuwa halijibu tena. Kila mara mashine ilipotafuta orodha ilishindwa, ikatoa onyo kwamba itatumia orodha za zamani, kisha ikaendelea na shughuli zake. Mjomba alikuwa akiliona onyo lile na kudhani ni mtandao umelegea. Mstari wa pili ndio ulionishtua zaidi:

# deb http://security.debian.org/ bullseye/updates main

Tazama ile alama ya mwanzo. Mstari wenye alama hiyo hausomwi na mashine. Ni kama umefutwa. Na huo ulikuwa mstari wa usalama, ule unaoleta viraka vya kuziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni hupitia. Kwa nini ulifungwa mdomo? Kisa ni hiki. Hadi toleo la 10, njia ya usalama iliandikwa kwa jina la toleo likifuatwa na /updates. Kuanzia toleo la 11, bullseye, la mwaka wa 2021, mtindo ulibadilishwa ukawa bullseye-security. Aliyehamisha mashine kutoka 10 hadi 11 alibadilisha jina la toleo peke yake, mashine ikapiga kelele kwamba njia hiyo haipo, naye badala ya kutafuta sababu akaunyamazisha mstari wenyewe. Kelele ziliisha. Viraka navyo viliisha.

Kisakuzi cha Firefox katika Debian hupata matoleo yake mapya hasa kupitia njia hiyo ya usalama. Basi kisakuzi kilibaki pale pale, kikizeeka, hadi tovuti zikakikataa. Mashine hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa zimenyimwa chakula. Na wakati huo wote wateja walikuwa wakiandika nywila zao za eCitizen juu ya mashine zenye matundu.

Tuliandika mistari upya:

deb http://deb.debian.org/debian bullseye main
deb http://security.debian.org/debian-security bullseye-security main

Tukapiga apt update, orodha zikaja. Tukapiga apt upgrade, vifurushi vikamiminika hadi bando la mjomba likapumua kwa shida. Siku ya pili, baada ya kunakili faili za wateja kwenye diski ya nje, tulihamia bookworm. Kisakuzi kikafunguka, tovuti zikafunguka. Mjomba hakuuza kitu wala hakukopa. Alibadilisha nywila zake zote, akawashauri wateja wake wa kila siku wafanye vivyo hivyo.

Kila toleo lina umri wake

Swali la tatu la mkulima lilihusu msimu. Debian hutoa toleo jipya takriban kila miaka miwili, nalo hulipa jina la mhusika wa filamu ya Toy Story. Buster lilitoka 2019, bullseye 2021, bookworm 2023, na trixie Agosti 2025. Kila toleo hutunzwa miaka mitatu, halafu kikundi kingine huongeza miaka miwili ya viraka. Baada ya hapo vifurushi huhamishiwa kwenye makavazi, archive.debian.org. Humo vinahifadhiwa kama vitabu vya kale maktabani: utavisoma, lakini hakuna anayevirekebisha. Ubuntu nayo ina makavazi yake ya matoleo yaliyozeeka. Kwa hiyo ukiona mashine inalia kwamba anwani haipo, uliza kwanza toleo hilo lina umri gani.

Tena, usiruke madarasa. Kutoka 10 unaenda 11, kisha 12. Anayeruka kutoka 10 hadi 12 anaweza kujikuta na mashine isiyoamka. Na wenye kompyuta kuukuu za biti 32 wajue kwamba trixie haiwezi kusakinishwa upya kwenye mashine za aina hiyo. Wao bookworm ndiyo kituo chao cha mwisho.

Upya si usalama kila mara

Kuna jamaa husema eti afadhali mtu aelekeze chanzo chake kwenye toleo jipya kabisa, lile lililo bado jikoni. Aliyesema pole pole ndio mwendo hakukosea. Machi 2024 iligunduliwa hila ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili inayotumiwa karibu kila mahali. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akijipendekeza kwa mtunzaji wa programu hiyo hadi akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund ndiye aliyelifichua jambo hilo, baada ya kuona kuingia katika mashine yake kwa mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Mlango huo ulikuwa umeshafika katika matawi ya majaribio ya Debian, lakini haukuwa umefika katika toleo thabiti. Waliotulia kwenye toleo thabiti pamoja na njia yake ya usalama walilala usingizi.

Tusije tukachukua somo kinyumenyume, tukaacha viraka. Aprili 2014 tundu liitwalo Heartbleed lilipotangazwa katika programu ya OpenSSL, Debian ilitoa kiraka siku ile ile. Aliyekuwa na mstari wa usalama alitibiwa, na asiyekuwa nao alibaki mlango wazi.

Ghala lililo karibu

Ghala kuu lina nakala zake katika nchi nyingi, na nakala hizo huitwa vioo kwa kuwa huakisi yaliyo kwenye ghala kuu. Hapa Kenya, KENET, mtandao wa taasisi za elimu ulioanzishwa mwaka wa 1999, umekuwa na kioo chake. Faida yake ni mwendo. Zamani, kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP kuanza Nairobi mwaka wa 2000, kikafungwa mwaka huo huo na kufunguliwa tena 2002, baruapepe kutoka Kitale hadi Bungoma iliweza kupanda setilaiti, ikazunguka ng'ambo, ndipo irudi, ilhali kwa matatu ni safari isiyomaliza asubuhi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009 mambo yalipata nafuu.

Ila vioo huvunjika. Chunguza orodha rasmi ya Debian kabla ya kuchagua, au tumia deb.debian.org, ambayo hutafuta yenyewe ghala la kukuhudumia.

Kwa chumba cha kompyuta cha shule kuna mbinu nzuri zaidi. Kama mashine 20 zinahitaji MB 300 kila moja, hizo ni GB 6. Weka programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye mashine moja, uzielekeze nyingine 19 kwake. Kifurushi huvutwa mara moja kutoka nje, halafu kinagawanywa humo chumbani. GB 6 zinakuwa MB 300. Mwalimu wa hazina hatakuwa na neno.

Kwa wapishi

Ndugu zao Linux, yaani FreeBSD na NetBSD, wana desturi tofauti kidogo. Debian hukuletea ugali uliokwisha kusongwa. FreeBSD nayo hutoa ugali uliosongwa, lakini pia ina kabati liitwalo ports, lenye maelezo ya mapishi ya maelfu ya programu, nawe unapika mwenyewe nyumbani. Tangu Aprili 2021 maelezo hayo huletwa upya kwa Git. Katika NetBSD mkusanyo wake huitwa pkgsrc, na hutolewa tawi jipya kila robo mwaka. Sheria ni ile ile: anayepika kwa maelezo ya mwaka juzi atawaandalia wageni chakula cha mwaka juzi.

Mambo ya kushika

Kwa muhtasari, ukikabidhiwa kompyuta ya aina hii, fanya yafuatayo:

1. Tazama saa na tarehe kwanza.
2. Fungua sources.list, usome kila mstari, hasa ile yenye alama ya kufungwa mdomo, uulize kwa nini ilifungwa.
3. Hakikisha mstari wa usalama upo na umeandikwa kwa mtindo wa toleo lako.
4. Piga apt update, usome maonyo hadi mwisho. Onyo ni barua uliyoandikiwa wewe.
5. Usiongeze ghala la mtu usiyemjua kwa sababu tu umeelekezwa na rafiki.
6. Nakili faili zako kabla ya kuhamia toleo jipya, na usiruke toleo.
7. Andika katika daftari tarehe na ulichobadilisha, ili ajaye baada yako asipapase gizani.

Wenzangu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu wa kusoma mstari mmoja kwa makini, na sisi wa Chama cha Kiswahili tumefunzwa kusoma mistari kwa makini. Naomba kila Ijumaa baada ya vipindi, wanachama wawili wapewe ruhusa ya kukagua vyanzo vya mashine zetu na kujaza daftari. Mwalimu wa kompyuta, ombi letu liko mezani pako.

Mwanachama, Kidato cha Tatu